Mtoto wa Meza ya Baba

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura na fisi wapumzike. Namsimulia mtoto aliyeishi kweli, huko London, Uingereza. Alizaliwa mwaka 1806, akaitwa John Stuart Mill.

Baba yake, James, hakumpeleka shule. Alimsomesha mwenyewe nyumbani. Mtoto ana miaka mitatu tu, baba akamwandikia kadi: neno la Kigiriki, na maana yake kwa Kiingereza. Kitabu chake cha kwanza cha Kigiriki kikawa hadithi za Aesop, zile za wanyama wenye hila kama hawa wetu.

Sasa tegeni sikio, utamu uko hapa. Kamusi za Kigiriki za siku hizo zilitoa maana kwa Kilatini, nacho Kilatini mtoto alikuwa hajakianza. Afanyeje? Akawa anasomea meza ileile anayoandikia baba. Baba yumo ndani ya kitabu kikubwa cha historia ya Uhindi, mtoto yumo ndani ya Kigiriki. Neno likimshinda, anauliza. Baba anaacha alichokuwa akiandika, anamjibu, anarudi kazini. Mara neno jingine! Na huyo baba hakuwa na subira. Mwanawe mwenyewe alikuja kuliandika hilo ukubwani. Lakini maswali yale aliyavumilia miaka na miaka, na kitabu kikatoka mwaka 1817. Kila nikikumbuka, moyo wangu unamwinamia.

Mtoto alipoingia mwaka wake wa nane kikaja Kilatini. Alichojifunza alikigeuza somo kwa dada yake mdogo, kisha dada ndiye aliyekwenda kumsomea baba. Kazi hiyo ya kufundisha John hakuipenda hata kidogo, ila alikiri kwamba alichokifundisha kilimkaa kichwani zaidi.

Jambo moja linaniuma: baba hakumwacha achangamane na watoto wenzake. Nyinyi nisingewanyima michezo, hata kwa lugha kumi.

Mwaka 1820, akiwa na miaka 14, alisafiri hadi Ufaransa, akakaa zaidi ya mwaka. Kigiriki na Kilatini alivikuta vitabuni. Kifaransa alikisikia midomoni mwa watu, sokoni na njiani. Kikamwingia. Katika utu uzima wake alinunua nyumba kulekule Ufaransa, mjini Avignon, na humo ndimo alimofia, mwaka 1873.