Kilichoachwa Shinani

Kuanzia Sofu upande wa Kibaha hadi vilima vya Kisarawe, Mzaramo aliyelelewa kimila haendi kwenye mzimu mikono mitupu, wala hatoki humo na kitu. Mzimu waweza kuwa mbuyu, mkwaju mkongwe au kichaka kilichosalia katikati ya mashamba. Anayetaka kutambika humfuata kwanza mzee wa ukoo. Mzee ndiye anayewapigia hodi wahenga, ndipo unga unyunyizwe, kitambaa kifungwe tawini, sarafu ziwekwe shinani. Sarafu hizo huachwa hapo hadi zishike kutu. Hata mtoto mwenye uchu wa maandazi hazigusi.

Sasa upo mchezo wa jiokachi, ambao nao huacha vitu mafichoni. Ulianzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuwafungulia raia usahihi kamili wa GPS. Dave Ulmer alificha ndoo msituni, akaifukia nusu, akatangaza ilipo. Mtafutaji huongozwa na kifaa chake, hufungua chombo na kuandika jina. Akichukua kitu, huacha kingine cha thamani ileile. Siku hizi kanuni za mchezo zinakataza kufukia, na zinataka ruhusa ya mwenye ardhi.

Mizizi na magofu vimepata nafuu kwa kanuni hizo. Lakini mwenye ardhi ni nani? Kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, kule Kisarawe, wa kuombwa ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Serikalini yameisha, kwa wazee hayajaanza. Mama anayeokota kuni akikuta kikopo cha plastiki kimefungwa barabara na kuchomekwa kwenye tundu la mti, hatawaza mchezo. Kwake hilo ni kago, au uchawi umetegwa. Hatakifungua ng'o! Jioni kijiji kizima kitakuwa na habari, na mganga atapata kazi ambayo mwenye kikopo hakuikusudia.

Tusimtwishe mtafutaji dhambi zote: mkaa wa kulisha majiko ya Dar es Salaam umeuumiza msitu ule kuliko vikopo vyovyote. Hata hivyo, miguu mingi ikifuata alama moja huchonga njia mpya, na njia mpya haichagui apitaye, hata mwenye shoka.

Ipo aina ya mchezo huo isiyo na chombo, EarthCache, ambapo mgeni hujibu maswali kuhusu miamba na udongo. Udongo wa kaolini wa Pugu ungefaa sana, mradi maswali yaulizwe nje; mahandaki ya machimbo yake ya zamani yana popo, na popo wanahitaji kulala mchana.