Charlot: Mtoto wa Nyumba ya Maskini katika Kiwambo cha Sinema

Wanaotumia Kifaransa humjua zaidi kwa jina la Charlot. Jina hilo ni la mhusika, si la mtu. Lakini wawili hao wamechanganyika hata si rahisi kumweleza mmoja bila kugusa utoto wa mwenzake.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa mwaka wa 1889, akakulia katika mitaa ya kusini ya London. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa majukwaani. Walitengana yeye angali mdogo. Baba akazama katika ulevi, akafariki mwaka wa 1901. Mama, Hannah, aliharibikiwa na sauti, na kazi ikamponyoka, akawa anashona nguo kwa malipo duni. Mwaka wa 1896 mama na wanawe waliingia nyumba ya maskini ya Lambeth. Humo wasio na riziki walipata chakula na malazi, lakini kwa sharti la kutenganishwa: wanawake kwao, watoto kwao. Charlie, mwenye miaka saba, alipelekwa pamoja na Sydney, kaka yake wa mama mmoja, katika shule ya watoto maskini huko Hanwell. Baada ya miaka miwili mama mwenyewe alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Hata hivyo, mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Chaplin alisimulia jinsi Hannah alivyokaa dirishani akiwaiga wapita njia, na kutokana na mwendo wa mtu akakisia yaliyomsibu nyumbani kwake. Shule haikumpa elimu ya namna hiyo. Alipopewa nafasi katika mchezo wa Sherlock Holmes mwaka wa 1903 alikuwa hajui kusoma vizuri, ikabidi Sydney amsomee maneno hadi ayakariri.

Mwaka wa 1908 aliingia katika kundi la Fred Karno, ambako uchekeshaji ulitegemea mwili kuliko ulimi. Kundi hilo ndilo lililomfikisha Marekani. Mwaka wa 1914 alionekana sinemani mara ya kwanza akiwa amevaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo, bakora mkononi: fukara mwenye adabu za bwana. Miaka miwili tu baadaye, kabla ya kutimiza miaka 27, aliandikiwa mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka.

Utajiri haukumsahaulisha. Katika *The Kid*, ya mwaka wa 1921, maofisa wanamnyakua mtoto ili wampeleke kituo cha mayatima, naye Charlot anawafuata juu ya mapaa hadi amrudishe. Huko Lambeth hakutokea mtu wa kupita juu ya mapaa.

Sinema ya maneno ilipoenea, Chaplin aliikataa kwa miaka mingi. Ni mwaka wa 1936 tu, katika *Modern Times*, ndipo sauti ya Charlot iliposikika, nayo iliimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, yenye mlio wa Kifaransa na Kiitalia. Maana yake hubebwa na mikono, macho na nyonga. Na watazamaji huielewa.