Faida ya Dhahabu Ipimwe kwa Kinachobaki

Mkulima wa Mbau, eneo la Beni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akipanda kakao leo, atasubiri miaka mitatu au minne, kisha miti hiyo itamlisha kwa miongo. Dhahabu haina msimu wa pili. Ile inayochimbwa kwenye mabonde ya mito kuelekea Mambasa, au huko Manguredjipa wilayani Lubero, ilimomonyoka kutoka miamba ya kale ikatuama mchangani kwa muda mrefu mno; ikishachukuliwa, imekwisha. Ndiyo maana faida ya madini haijulikani kwa kuhesabu gramu zilizotoka, bali kwa kutazama kilichobaki: mitaji, shule na barabara, au mashimo na maji machafu.

Faida zipo, tena si ndogo. Dhahabu humpa kijana asiye na shamba fedha za haraka, na biashara yake imechangia kuinua mji wa Butembo. Thamani kubwa hukaa katika uzito mdogo, kwa hiyo barabara mbovu inayoozesha ndizi haizuii dhahabu kufika sokoni. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo chanzo cha hasara. Kitu kinachobebeka mfukoni huvuka mpaka bila kuandikwa popote, na mwenye bunduki hukinyang'anya kwa urahisi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Milioni 60 kati ya hizo zilikuwa fidia ya maliasili zilizoporwa, dhahabu ikiwemo.

Hasara nyingine huingia mwilini. Mchimbaji humimina zebaki kwenye mchanga mzito uliobaki ndani ya karai. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna harufu, lakini huharibu mishipa ya fahamu na figo. Zebaki inayofika mtoni hugeuzwa na bakteria kuwa sumu inayojikusanya ndani ya samaki, na mjamzito anayewala humpitishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Hivyo gharama hulipwa na watu ambao hawajawahi kuuza hata gramu moja.

Sheria inakubali kwamba eneo linalochimbwa lina haki yake. Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa Machi 2018, inaitoza dhahabu ya kampuni zenye vibali mrabaha wa asilimia 3.5. Kwa kila dola 1,000, mrabaha ni dola 35: serikali kuu inapata 17.50, mkoa 8.75, mamlaka ya mahali, kama vile sekta ya Beni-Mbau, 5.25, na 3.50 huwekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Dhahabu ya magendo haichangii hata senti katika hesabu hiyo.

Wapo watakaosema uchimbaji wa mikono upigwe marufuku. Hilo lilijaribiwa: Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na amri ikaondolewa Machi 2011. Wachimbaji walipoteza riziki, magendo hayakufa. Wengine watasema iletwe kampuni kubwa, kama mgodi wa Kibali huko Haut-Uélé, ulioanza kuzalisha mwaka 2013. Kampuni hulipa kodi na kuweka hesabu, lakini mitambo haiajiri umati unaoishi kwa sururu, na mwekezaji hatakuja kwa urahisi mahali kama Beni, ambapo raia wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014.

Njia iliyobaki ni ngumu, ila inawezekana. Sheria tayari inaruhusu maeneo maalumu ya wachimbaji wa mikono, wenye kadi na vyama vya ushirika. Yatengwe karibu na watu walipo, wachimbaji wapewe vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki, na udongo wa juu uhifadhiwe ili shimo likifukiwa pafae tena kulimwa kakao. Kiasi ambacho sekta imepokea, na kilivyotumika, kibandikwe ukutani mwa ofisi yake kila mwezi. Bila hayo, kuongeza uchimbaji ni kuongeza hasara, maana ardhi hutoa dhahabu mara moja tu, na wanaoishi juu yake wana haki ya kubaki na kitu cha kudumu.