Reli ya Mezani na Pai ya Nyama

Huko Uingereza wako watu wazima, makarani, mafundi na wazee waliostaafu, ambao hujenga reli ndogo juu ya meza, pamoja na stesheni na madaraja yake. Wengi wao hufuata kipimo cha sehemu moja ya 76. Wakikutana jioni, kazi ni nusu na mabishano ni nusu.

Shauri lao kubwa ni upana wa njia. Njia ya kweli ni milimita 1,435. Ya mezani ingepasa kuwa karibu 18.8, lakini iuzwayo madukani ni 16.5 tu, kipimo cha sehemu moja ya 87. Sababu ni kwamba injini za Kiingereza ni nyembamba, na mota za zamani hazikuenea ndani yake. Basi watengenezaji wakaikuza injini, njia wakaiacha vile vile. Wengine huridhika, wengine huing'oa yote wakaitengeneza upya kwa mkono.

Ikifika saa ya kula, hoja huhamia kwenye pai ya nguruwe, iliwayo baridi. Ile ya Melton Mowbray, ambayo jina lake lilipata ulinzi wa sheria mwaka 2009, huokwa bila chombo cha kuishikilia. Ndiyo maana ubavu wake hufura. Yenye ubavu ulionyooka, husema, siyo yenyewe.

Ajabu ni kwamba mtu asiyejali milimita mbili za njia aweza kuikataa katakata pai iliyonyooka! Nawe, msomaji, katika kazi yako, ni kipimo gani usichokubali kipunguzwe?