Aliwaacha kwa dakika 14, malaria ikamwahi

Ukishuka stendi ya Same na kuinua macho, unaiona milima ya Upare imesimama kama beki wa kati asiyetaka mtu apite. Njia ya kupanda Mbaga siku hizi ni ya bodaboda. Mwenye baiskeli anashuka, anasukuma.

Sasa shabiki mwenzangu, weka pembeni habari za Simba na Yanga kwa dakika tano tu. Kuna jamaa milima ilikuwa uwanja wake wa nyumbani: Fausto Coppi, Mtaliano.

Machi 19, 1946. Vita Kuu ya Pili haikuwa imetimiza hata mwaka tangu iishe Ulaya. Coppi mwenyewe alikuwa askari, Waingereza wakamkamata Tunisia mwaka 1943 na kumfanya mfungwa wa vita. Siku hiyo alikuwa Milan, tayari kwa Milan–San Remo, mbio za baiskeli za siku moja kutoka Milan hadi pwani, karibu kilomita 290. Kwa hesabu ya haraka, ni kutoka Same hadi Moshi, urudi Same, halafu uanze tena na kufika Himo. Siku hiyohiyo!

Italia nzima ilikuwa imegawanyika kama sisi na watani wetu: huku Coppi, kule Gino Bartali.

Coppi hakusubiri. Aliondoka mapema na kundi dogo, na kwenye mlima wa Turchino akamwacha Mfaransa Lucien Teisseire. Turchino una mita 532 tu, yaani mji wa Same uko juu zaidi. Mpare angecheka. Lakini ufike pale miguu ikiwa imeshakula nusu ya safari, uone.

Kilomita zilizobaki, karibu 150, alikwenda peke yake. Alipomaliza, wa pili, Teisseire, alikuwa nyuma kwa dakika 14. Hayo ni karibu mapumziko yote ya mpira: wewe umeshakunywa maji na kusikiliza kocha, mwenzako ndo kwanza anaingia.

Akaishinda tena Milan–San Remo mwaka 1948 na 1949. Giro d'Italia mara tano, Tour de France mara mbili. Hakuna mlima uliomshinda.

Kilichomshinda ni mbu. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, sasa Burkina Faso, kwa mashindano na kuwinda. Aliporudi kwao homa ikapanda. Madaktari hawakugundua kuwa ni malaria. Mwenzake wa safari, Mfaransa Raphaël Géminiani, naye aliugua, lakini kwao Ufaransa waliigundua, akatibiwa, akapona. Coppi alifariki Januari 2, 1960, akiwa na miaka 40 tu.

Kwinini ilikuwepo. Hadubini ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuishuku malaria.

Huku kwetu tambarare, homa ikianza hata bibi anakwambia: kapime. Zahanati wanakutoboa kidole, ndani ya dakika 20 hivi una jibu. Kwa hiyo wewe winga wa timu ya mtaa unayemeza panadol Jumamosi asubuhi ili jioni usikose namba, mkumbuke Coppi. Kapime kwanza. Mechi ipo wiki ijayo.