Malta: kisiwa cha Ulaya kinachohesabu sita, saba

Likizo ikifika, familia zetu nyingi huishia London au Istanbul. Malta tunaipita juu kwa ndege, na wallahi ni hasara. Panda basi pale usikilize watu wanavyohesabu: sitta, sebgħa. Bahari kwao ni baħar, kitabu ni ktieb, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Watoto wataanza kucheka wenyewe.

Kimalta si lugha iliyookota maneno mawili matatu ya Kiarabu. Ni Kiarabu hasa, kilichokuja kutoka Sicily, kikajazwa Kitaliano na kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Kinyume chetu, yaani. Tangu 1934 ni lugha rasmi, na Wamalta, karibu wote Wakatoliki, humwita Mungu Alla.

Nchi yenyewe ni kilomita za mraba 316 tu, basi huna haja ya kukimbizana. Valletta, mji mkuu, ni mzuri lakini una watalii tele. Nusu siku yatosha. Mdina ndiyo ya kukaa. Jina linajieleza, na vichochoro vyake vilivyopinda ndani ya kuta nene vitamkumbusha Mji Mkongwe yeyote aliyekulia Unguja. Nje ya lango kuna mji uitwao Rabat.

Kwa pwani, nenda Marsaxlokk, bandari ya wavuvi upande wa kusini-mashariki. Mashua zao, luzzu, zimepakwa rangi kali na kuchorwa macho mawili mbele, kama mitepe ya Lamu ya zamani. Jumapili kuna soko la samaki. Kuleni samaki bila wasiwasi; nyama ulizeni kwanza, na hata pastizzi, sambusa zao za jibini au njegere, ulizeni zimetiwa mafuta gani. Msikiti uko Paola, karibu na Valletta.

Siku moja iwekeni kwa Gozo. Feri inatoka Ċirkewwa na safari haifiki nusu saa. Wengi hukimbilia kuogelea, lakini pandeni kwanza ngomeni, mji wa Victoria, ambao wenyeji wa zamani bado wanauita Rabat. Katika makumbusho ya mambo ya kale kuna jiwe la marumaru lenye maandishi ya Kikufi. Ni la kaburi la Maimuna binti Hassan, aliyefariki Alhamisi, 16 Shaaban 569, yaani Machi 1174. Wanormani walikuwa wameshakiteka kisiwa tangu 1091, miaka zaidi ya themanini nyuma, na bado kulikuwa na watu wa kumchongea marehemu wao maneno ya maombolezo kwa Kiarabu. Upande wa pili wa jiwe una nakshi za Warumi; lilikuwa lao kabla.

Mwenye mtoto anayesoma Qur'ani amsogeze karibu, ajaribu kulitafuta jina la Maimuna. Herufi za Kikufi ni ngumu, mpeni muda.