Mali ya Watu Yataka Mjuzi: Historia na Masomo ya Shule Kuu ya Biashara, Mlimani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi hutujia baada ya swala wakiomba ushauri juu ya kozi atakayoombewa kijana wao. Udaktari na ualimu hauwasumbui sana, kwani kila mtu anajua daktari hufanya nini na mwalimu hufanya nini. Wanapokwama ni kwenye biashara. Yupo asemaye kuwa biashara hujifunzwa dukani, si darasani. Yupo mwingine anayechelea kuwa mwanawe atakwenda kufundishwa riba. Tumeona ni vyema wiki hii tuieleze Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wengi huiita kwa kifupi UDBS: ilitokana na nini, inafundisha nini, na kwa nini jambo lake linatugusa sisi na watoto wetu.

Ilikotoka

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la Mtaa wa Lumumba. Wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Katika mgawanyo wa masomo wa siku hizo, sheria ilikuwa Dar es Salaam, nayo biashara ilifundishwa Nairobi. Nchini kwetu kulikuwa na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichofunguliwa mwaka 1965, lakini hicho hakikuwa chuo kikuu.

Ndipo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikazaliwa. Viwanda, makampuni ya bima na mashamba ya mkonge yakafuata njia hiyo hiyo, ama yote kwa yote ama kwa hisa nyingi. Kumiliki kulikamilika kwa muda mfupi mno. Kuendesha lilikuwa jambo jingine. Benki iliyobadilisha mwenyewe bado ilihitaji mtu wa kufunga hesabu jioni, wa kupima kama mkopaji ataweza kulipa, na wa kumkagua meneja bila kumwogopa. Watanzania wenye ujuzi huo walikuwa wachache, na kazi nyingi za namna hiyo zilikuwa mikononi mwa wageni.

Kwa hiyo miaka ya sabini ikawa miaka ya kutafuta watu. Mwaka 1972 ziliundwa taasisi mbili ambazo hadi leo tunazijua: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo pale Mzumbe, ambacho mwaka 2001 kilifanywa Chuo Kikuu. Mwaka huo huo wa 1972 ilitungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Pale Mlimani, ambapo tangu tarehe 1 Julai 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kinachojitegemea, menejimenti ilifundishwa kama idara ndani ya Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Mwaka 1979 idara hiyo ilikua ikawa Kitivo cha Biashara na Menejimenti. Hicho ndicho kilichobadilishwa jina mwaka 2008 kuwa Shule Kuu ya Biashara.

Kati ya 1979 na 2008 nchi iligeuka. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ya zamani iligawanywa, na humo ikatoka NMB tunayoiona wilayani. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa. Kitivo kilichozaliwa ili kuyapatia mashirika ya umma viongozi kikajikuta kinawaandaa vijana kwa benki zinazoshindana, kwa makampuni ya simu, kwa mahoteli, na kwa wale watakaoanzisha shughuli zao wenyewe. Kilichobaki pale pale ni haja ya mtu anayeaminika kushika mali isiyokuwa yake.

Yanayofundishwa

Shahada ya kwanza kuu ni Shahada ya Biashara, inayojulikana kwa kifupi kama BCom. Huchukua miaka mitatu, na mwanafunzi huchagua mkondo wake. Katika mikondo hiyo kuna uhasibu, fedha, benki na huduma za fedha, masoko, usimamizi wa rasilimali watu, na utalii na ukarimu. Ipo pia Shahada ya Utawala wa Biashara, BBA, ambayo haimfungi mwanafunzi kwenye fani moja.

Mzazi asidhani kuwa mikondo hii ni kitu kimoja chenye majina mengi. Mhasibu huandika na kueleza yaliyokwisha kutokea: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Mtu wa fedha hutazama mbele: mtaji upatikane wapi, na mradi upi unastahili kuwekewa pesa. Mtu wa masoko huanza na mnunuzi na kuuliza anahitaji nini. Wa rasilimali watu hushughulika na ajira, mafunzo, mishahara na haki za wafanyakazi. Kijana mwenye subira na tarakimu huenda asifurahie masoko, na mwenye kipaji cha kuzungumza na watu huenda akanyauka mbele ya vitabu vya hesabu. Tuwasikilize wenyewe kabla ya kuwachagulia.

Pamoja na fani yake, mwanafunzi hupitia masomo ya msingi kama uchumi, hisabati na takwimu, sheria za biashara na stadi za mawasiliano. Hupelekwa pia kwenye mafunzo kwa vitendo, akakae ofisini au kampuni na kuona kazi inavyofanywa. Juu ya hapo ipo Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Biashara, MBA, ambayo walioajiriwa wanaweza kuisoma jioni, na juu yake Shahada ya Uzamivu.

Jambo moja husahaulika sana. Shahada ya uhasibu haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Baada ya chuo kuna mitihani ya NBAA hadi hatua ya CPA. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii ngazi ya chini kabisa, lakini bado ana safari. Familia iweke akiba ya subira kwa ajili ya hatua hiyo.

Hofu ya riba

Wenye hofu hii hatuwabezi. Ni kweli kwamba katika masomo ya fedha na benki mwanafunzi hufundishwa jinsi riba inavyohesabiwa, kwa kuwa ndivyo sehemu kubwa ya dunia inavyokopeshana. Lakini kuijua hesabu yake si kuila. Mkaguzi asiyejua riba inavyokokotolewa hawezi kuitambua inapojificha ndani ya mkataba ulioandikwa kwa lugha tamu. Kazi atakayoifanya baada ya kuhitimu ni suala jingine, na hilo aulizwe mwanazuoni, kazi kwa kazi, badala ya kuifunga milango yote kwa pamoja.

Tuangalie upande wa pili. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilifungua milango yake Novemba 2011. Murabaha na mudharaba huhitaji kuandikwa vitabuni kwa usahihi, tena kwa utaratibu wake. Ipo hata taasisi ya kimataifa yenye makao yake Bahrain, AAOIFI, iliyosajiliwa huko mwaka 1991, ambayo kazi yake ni kuweka viwango vya uhasibu na ukaguzi kwa taasisi za fedha za Kiislamu. Viwango hivyo haviwezi kusomwa na mtu asiyejua uhasibu. Anayetakiwa ni mwenye elimu mbili: ya muamala kutoka kwa mashekhe wetu, na ya hesabu kutoka chuoni. Ikikosekana mojawapo, benki ya Kiislamu itakuwa na jina tu.

Na tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inazungumzia kuandikiana deni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Uhasibu haukuletwa kwetu na wageni.

Maandalizi na gharama

Safari huanza sekondari. Tahasusi kama ECA, EGM na HGE zote zina somo la uchumi, na ECA huongeza biashara na uhasibu. Hisabati isitupwe. Kijana aliyeikimbia tangu kidato cha pili atakutana nayo tena kwenye takwimu, na huko haitamwonea huruma. Sifa za kujiunga hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usomwe wa mwaka huu, wala mtu asitegemee maneno ya jirani aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Kuhusu mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005 ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha. Familia nyingi za Kiislamu zilisita kwa sababu ya tozo hiyo. Ilifutwa mwaka 2021. Waliokuwa wameufunga mlango huo wausome upya mkataba wa sasa, kifungu kwa kifungu, kisha waupeleke kwa wanazuoni wanaowaamini.

Kwa nini ni jambo letu

Katika misikiti yetu mingi, makusanyo ya Ijumaa huhesabiwa na watu wawili au watatu, yakaandikwa katika daftari, na daftari hilo ndilo mfumo mzima wa fedha. Wanaolishika ni watu waaminifu. Hata hivyo uaminifu peke yake hauonyeshi kama shule ya msikiti inajiendesha au inakula akiba yake, wala hauonyeshi kama nyumba ya wakfu inapangishwa kwa thamani yake. Daftari likipotea, au mzee aliyelishika akifariki, kumbukumbu huzikwa naye, na waliobaki huanza kushukiana.

Taifa lilijifunza baada ya 1967 kwamba kumiliki benki si sawa na kuweza kuiendesha, na likachukua miaka kumi na miwili hadi kuwa na kitivo kamili cha kazi hiyo. Sisi leo tuna shule, zahanati, nyumba za wakfu na hata benki. Vyote vimepatikana kwa michango ya watu ambao wengi wao hawakuwa na kitu. Watakaovilinda wako madarasani sasa hivi, wavulana kwa wasichana, wakisubiri tuwaambie kuwa kushika hesabu za watu kwa ujuzi ni kazi yenye heshima na ni ibada kwa mwenye nia njema.

Msikiti wenye kijana mmoja anayesoma uhasibu na umkabidhi daftari wakati wa likizo alikague, mbele ya wazee, hata kama hesabu zote ni safi. Wabillahi tawfiq.